Leo Waacheni Wachezee Chakula

Leo sina siasa, sina bei ya mafuta, wala sina matokeo ya mpira. Leo nina sufuria, na nimekuja nayo hadi studio.

Nianze na kisa cha wenzetu wa televisheni, tena shirika kubwa, BBC ya Uingereza. Tarehe 1 Aprili 1957, kipindi chao cha Panorama, kipindi cha habari nzito za dunia, kilifunga jioni hiyo kwa taarifa kutoka Ticino, kusini mwa Uswisi. Msimulizi alikuwa Richard Dimbleby, ambaye Waingereza walimwamini kiasi kwamba ndiye aliyewatangazia kutawazwa kwa Malkia wao mwaka 1953. Kwa sauti ileile ya heshima, akaeleza kuwa mavuno ya spageti mwaka huo yamekuwa mazuri: baridi haikuwa kali, na yule mdudu mharibifu wa spageti ametoweka. Pichani, familia ya wakulima ilikuwa ikichuma nyuzi ndefu za spageti kutoka kwenye matawi, ikizitia vikapuni na kuzianika juani. Simu zikaanza kumiminika. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika, na wapo waliouliza kwa dhati mche wake unapatikana wapi. Wakajibiwa: chukua ujiti wa spageti, uchomeke ndani ya kopo la mchuzi wa nyanya, kisha subiri na bahati yako.

Usiwacheke sana. Miaka ile, Waingereza wengi spageti waliijua ikitoka kwenye kopo, imeshapikwa na imeshatiwa mchuzi. Mtu anayekutana na chakula kikiwa mezani tu, ukimwambia kimechumwa mtini atabisha kwa hoja gani? Na watoto wetu wa mjini hawako mbali na hapo. Jikoni tunawafukuza, eti watajichoma. Mezani tunawakemea: kaa vizuri, usichezee chakula. Basi mimi jioni hii nimekuja kuwatetea. Kipo chakula ambacho, kwa maoni yangu, hakipikiki vizuri bila kuchezewa, nacho ni spageti na kababu katika mchuzi wa nyanya. Kababu ninazosema ni zile za duara, za nyama ya kusaga, zinazoanzia kwenye kikaango na kumalizikia ndani ya mchuzi.

Najua kuna msikilizaji ameshajiandaa kunipigia simu. Kila ukitaja chakula hiki mbele ya mtu aliyewahi kufika Roma, hata kama alipita uwanja wa ndege tu, atakusahihisha: Waitaliano wenyewe hawali hivyo. Subiri kidogo, ndugu yangu, nakuja kwako.

Kwanza tambi zenyewe. Inasimuliwa kwamba Marco Polo ndiye aliyezipeleka Italia kutoka China. Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Mwaka 1154, zaidi ya miaka 140 kabla yake, mwanajiografia al-Idrisi alikwisha kukamilisha kitabu chake kikubwa cha nchi za dunia, alichokiandika kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Humo anaueleza mji wa Trabia, karibu na Palermo, wenye maji mengi na vinu vya kusagia, ambako tambi zinatengenezwa kwa wingi na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Na kitabu hichohicho, msikilizaji wa Pwani tega sikio, kinazitaja Malindi na Mombasa. Sidai kwamba jahazi lolote lilileta tambi za Trabia Malindi. Nasema tu kwamba bibi wa Unguja anapozikaanga tambi kwa mafuta, akazimwagia tui, sukari na iliki kwa ajili ya futari, hana haja ya kuomba ruhusa kwa mtu yeyote wa Ulaya.

Nyanya zilichelewa. Zilivuka bahari kutoka Amerika katika karne ya 16, zikakaa muda mrefu zikitiliwa shaka, na ni karne ya 19 ndipo vitabu vya upishi vya Napoli vikaanza kuziweka pamoja na tambi. Sasa twende kwenye kababu, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Kati ya mwaka 1880 na 1920, Waitaliano zaidi ya milioni nne waliingia Marekani. Wengi walitoka kusini: Campania, Calabria, Basilicata, Sicily. Walikuwa vibarua wa mashamba ya wengine, watu wa mkate, maharage na majani, na nyama kwao ilikuwa kitu cha sikukuu. Kababu zao, polpette, zilikuwa ndogo, mkate ndani ukiwa mwingi kuliko nyama, nazo zililiwa peke yake au ndani ya supu. Tambi zilikuwa na sahani yake, na zamu yake ni ya mwanzo. Nyama, kama ipo, inafuata baadaye kwenye sahani nyingine. Huo ndio utaratibu, na hadi leo ukikaa mezani kwao utaukuta.

Halafu wakashuka Ellis Island. Wakajibana kwenye vyumba vya kupanga vya Mulberry Street na East Harlem, baba kwenye ujenzi wa njia za reli za chini, mama akishona nguo za kiwandani palepale chumbani kwa malipo ya kipande. Walipata ujira mdogo kwa hesabu ya Mmarekani. Lakini buchani, kwa mara ya kwanza maishani mwao, nyama ikawa inanunulika hata wiki isiyo na sikukuu. Mfikirie mama huyo. Maisha yake yote amefundishwa kuipunja nyama: mkate mwingi, nyama ya kuonjesha. Sasa nyama ipo. Akaongeza, kisha akaongeza tena. Kababu zikanenepa, mchuzi wa Jumapili ukawa unatokota tangu watu hawajaenda kanisani hadi wanarudi. Na wenye migahawa, wakitaka wateja wa Kimarekani ambao wamezoea kuona nyama na wanga kwenye sahani moja, wakaacha kutenganisha zamu. Spageti chini, kababu juu, mchuzi katikati, mteja akaridhika.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Roma, umesema kweli kwa upande mmoja tu, na upande huo ndio usioniuma. Chakula hiki ni cha Waitaliano, ila wale waliohama. Hakikutoka kwa mpishi mkuu wala ikulu ya mfalme. Kilitoka kwa akina mama waliopata nyama wakaamua kufurahi nayo. Ukimpinga mama huyo, unampinga mtu aliyeshiba baada ya njaa ya vizazi. Tena ukienda Teramo, katika mkoa wa Abruzzo, Italia hiyohiyo, utawakuta wanakula tambi ziitwazo chitarra zikiwa na vijikababu vya ukubwa wa dengu. Wanavyovitengeneza vyote hivyo kwa vidole bila kuchoka, sijui ni subira ya namna gani.

Pellegrino Artusi, aliyetoa mwaka 1891 kitabu cha upishi ambacho hadi leo kimo katika nyumba nyingi za Italia, alipofika kwenye polpette alikataa kujifanya mwalimu. Alisema kwa mzaha kuwa hicho ni chakula ambacho kila mtu anakijua, kuanzia punda, ambaye huenda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaonyesha binadamu umbo lake. Mpenzi msikilizaji, sitafafanua, kuna watu wako mezani. Wewe wasimulie watoto wakati wa kuviringa. Watauelewa mzaha huo kabla yako, na hawatanyamaza hadi nyama iishe bakulini.

Haya, jikoni sasa.

Nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo inatosha watu watano. Ng'ombe wetu wengi ni wa nundu, wametembea sana kutafuta malisho, nyama yao ina ladha nzuri lakini ni kavu. Ukiagiza steki tupu isagwe, ukadhani umenunua kilicho bora, utapata kababu ngumu. Mwambie muuza nyama akusagie pamoja na kipande cha nundu, au mafuta kidogo ya kifuani. Atakushangaa, maana wateja wengine wanamwomba ayatoe.

Kisha mkate. Slesi tatu, kata kingo, loweka kwenye maziwa nusu kikombe kwa dakika tano, vuruga kwa mkono mpaka uwe uji mzito. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema: hufikiri mkate ni ujanja wa kubana matumizi, kwa hiyo siku wakiwa na pesa wanauacha. Sivyo. Nyama ikipata moto hujikunja na kukamua maji yake yote nje. Mkate uliolowa unakaa katikati ya nyama, unayashika yale maji, na unazuia nyama isigandamane ikawa kitu kimoja kigumu. Yule mama wa Calabria aliutia kwa sababu ya umaskini, wajukuu wake wa New York wakaendelea kuutia kwa sababu waliona tofauti mdomoni.

Ongeza yai moja, kitunguu kimoja kilichokunwa na kukamuliwa maji, punje mbili za kitunguu saumu, kotimiri iliyokatwa, pilipili manga, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Changanya kwa vidole vilivyotanuliwa, mara chache tu, uache. Kama unakanda unga wa chapati, umeshaharibu: nyama yenye chumvi ikikandwa sana hunata na kuvutana, ukiipika inaruka meno.

Sasa ita watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, na sheria ya nyumba itangazwe mapema: nyama mbichi haionjwi, na kidole chenye nyama hakiendi mdomoni, puani wala kwa mdogo wako. Viganja vilowe maji kidogo ili nyama isinate. Ukubwa uwe wa ndimu. Mmoja achote kwa kijiko, mwingine aviringe, mkubwa wao awe mkaguzi, na ukaguzi uwe mkali, maana kababu zisipolingana hazitaiva pamoja. Hapo ndipo mchezo unapofanya kazi ya mapishi. Mtu mzima peke yake huchoka kwenye kababu ya kumi na kuanza kuzikuza amalize haraka.

Majuzi nilikuwa jikoni kwa dada yangu, nikamtazama mwanawe wa miaka minne akiwa kazini. Ulimi uko nje upande wa kushoto, macho yamekodoka, viganja vinazunguka kinyume na vilivyoelekezwa. Akafungua mikono: donge limelala bapa, lina pembe nne na kichwa. "Mjomba, huyu kobe." Mama yake akanyoosha mkono alitengeneze upya, nikamwomba amwache. Kobe kwa kuwa ni mwembamba aliiva kabla ya wengine wote, tukamkata vipande na kuonja chumvi. Ilikuwa imepungua. Tukaongeza kwenye nyama iliyobaki, na mwenye kobe akatangaza jikoni nzima kwamba yeye ndiye aliyegundua. Tangu siku hiyo naona kila nyumba ingekaanga kobe mmoja kwanza.

Na kama unataka watoto watulie hadi mwisho wa chakula, ficha hazina. Katika kababu moja tu, katikati, zika kipande cha karoti iliyochemshwa. Atakayeipata mdomoni mwake haoshi vyombo usiku huo. Utaona watoto wasiopenda nyama wanavyoomba nyongeza.

Kaanga kababu kwa mafuta kidogo, uzigeuze hadi ziwe kahawia pande zote. Huziivishi hapa, unazipa rangi na harufu. Zitoe, punguza mafuta, na humohumo kwenye kikaango, juu ya ile kahawia iliyoganda chini, tia kitunguu. Maji ya kitunguu yatainyanyua yenyewe. Ladha ya mchuzi wote imelala pale, usiisugue ukaimwaga. Kitunguu kikilainika tia saumu, kisha kilo moja ya nyanya mbivu zilizokunwa na kuachwa maganda. Nyanya zikiwa chachu, usikimbilie sukari, kuna karoti moja: ikune laini mno, ipotelee ndani. Majani yanayotiwa huko Napoli ni ya jamii ya mrihani, huuhuu unaosukwa pamoja na asumini kwenye vikuba vya maharusi wa Pwani. Watu wetu wengi wameuweka kwenye nywele na kitandani, hawajawahi kuuweka mchuzini. Chuma matawi mawili, uutie mwishoni, moto ukiwa umeshazimwa. Lakini kwanza acha mchuzi utokote taratibu kama dakika ishirini, rudisha kababu zimalizie kuiva humo dakika ishirini nyingine, kata moja uone: ndani pasiwe na wekundu hata kidogo.

Wakati mchuzi unatokota kuna nafasi ya mchezo ninaoupenda kuliko yote, na huu hauhitaji moto. Mpe kila mtoto ujiti mmoja wa spageti kavu. Aushike ncha mbili, aukunje polepole kama upinde mpaka uvunjike. Kabla hajavunja, muulize utatoka vipande vingapi. Kila mmoja atasema viwili. Avunje. Vitatoka vitatu, au vinne, na kimoja kitaruka nyuma ya jiko usikione hadi siku ya kuhama. Viwili ni nadra mno kuvipata.

Usidhani ni swali la kitoto. Richard Feynman, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965, inasimuliwa kwamba alikaa jikoni na rafiki yake saa kadhaa wakivunja spageti, sakafu ikajaa, na sababu hawakuipata. Jibu lilitolewa mwaka 2005 na Wafaransa wawili, Basile Audoly na Sébastien Neukirch. Ujiti unapovunjika mara ya kwanza, kila nusu iliyokuwa imekunjwa hutaka kunyooka ghafla. Kule kufyatuka kunapeleka wimbi kwenye ujiti, na wimbi likipita linaukunja mahali fulani zaidi hata ya mwanzo, basi hapo unakatika tena. Mwaka uliofuata wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Halafu mwaka 2018 watafiti wa MIT, kwa kutumia mashine waliyoiunda wenyewe, wakaonyesha kwamba ukiusokota ujiti kwanza, karibu robo tatu ya mzunguko, ndipo ukaukunja polepole, unaweza kuvunjika vipande viwili tu. Kwa mikono ni kazi ngumu sana. Waambie watoto wajaribu, utapata nusu saa ya utulivu ndani ya nyumba. Vipande vilivyovunjika usitupe, vikusanye kwenye mtungi. Watu wa Napoli huvitia kwenye supu, na wewe unavyo vya tambi za sukari.

Wadogo wasioweza fizikia wape soseji. Ikate vipande vinene, kila kipande achomeke nyuzi saba nane za spageti kavu, zitokeze pande zote mbili, kisha vyote vitumbukie kwenye maji yanayochemka. Vikitoka, spageti imelegea na soseji imeota nywele. Kuna mtoto huita pweza, kuna anayeita mwalimu wa hesabu. Hayo mimi simo.

Spageti yenyewe sasa. Wapo watakaoniuliza, mbona ni ya paketi, si ya kutengeneza nyumbani? Spageti halisi hutoka kwenye unga wa ngano ngumu na maji, ikasukumwa kwa mashine kupita kwenye matundu, ikakaushwa polepole. Hiyo ni kazi ya kiwanda, hata huko Italia. Unaloweza nyumbani ni tambi bapa za mayai: unga gramu 400, mayai manne, kanda dakika kumi, acha upumzike nusu saa, sukuma kwenye kibao cha chapati uwe mwembamba hadi uone mkono wako upande wa pili, kunja, kata kwa kisu. Mwenye mkono wa chapati hashindwi. Ila ushauri wangu, usichanganye na kababu siku moja. Utachoka, utaanza kufoka, na mchezo utakuwa umekwisha kabla hamjala.

Paketi ya gramu 500, maji lita tano, sufuria kubwa kuliko unayoidhania, chumvi vijiko vitatu vya mezani. Ndiyo, vitatu. Sehemu kubwa itamwagwa na maji, na spageti haipati chumvi mahali pengine. Mafuta usitie, yatazipaka nyuzi utelezi na mchuzi hautashika. Wala usizivunje ili zienee. Simamisha sufuriani, hesabu hadi thelathini na watoto, zitainama zenyewe na kuzama, kisha koroga dakika ya kwanza kwa bidii, maana zikinata mwanzoni hazitaachana tena. Onja dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi. Kuna wanaorusha ujiti ukutani, ukinasa wanasema imeiva. Unachopima hapo ni unato tu, iliyopitiliza nayo hunasa. Lakini ukuta ni wako, na kila mtoto ana haki ya kurusha mmoja.

Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kizima uweke kando. Hicho ndicho watu wengi wanachomwaga bila kujua. Maji yale yana wanga wa spageti. Toa kababu kwenye mchuzi, tia spageti ndani ya mchuzi, mimina yale maji kidogo kidogo, geuzageuza juu ya moto dakika mbili. Mchuzi utaacha kukaa chini ya sahani kama dimbwi, utazivaa nyuzi. Ndipo kababu zirudi juu. Jibini ile ya Parma bei yake dukani inaumiza, na sitaki uinunue kwa sababu yangu. Maskini wa kusini mwa Italia walikuwa na yao: chenga za mkate mkavu, zikaangwe kwa mafuta na saumu mpaka ziwe za dhahabu, zinyunyizwe juu. Zile kingo za mkate ulizokata mwanzoni sasa umezipatia kazi.

Sasa mezani. Kisu marufuku. Mwenye kutaka uma ausokote ukingoni mwa sahani, nyuzi tatu nne tu, sio fungu zima. Na mwenye kutaka mkono aachwe, tena aachwe kwa heshima. Katika karne ya 19 wageni waliofika Napoli walishangazwa na watu wa mitaani waliosimama kando ya muuza tambi, wamerudisha kichwa nyuma, nyuzi wamezinyanyua kwa vidole na kuzishusha mdomoni. Picha zao ziliuzwa hadi nchi za mbali. Leo nenda Eastleigh, Nairobi, kwa ndugu zetu Wasomali, utaletewa baasto na mchuzi wa nyama, na ndizi mbivu kando yake, na wapo wengi wanaoikusanya kwa mkono pamoja na kipande cha ndizi kwa ustadi ambao uma haujaufikia. Wakoloni wa Kiitaliano waliwaachia tambi, na mashamba ya ndizi kwenye mito ya Juba na Shabelle waliyalima kwa ajili ya soko la Italia. Kuviweka viwili hivyo kwenye sahani moja, huo ni uamuzi wa Wasomali wenyewe. Jaribu ndizi hiyo. Utanishukuru, au utanipigia simu.

Wafungeni watoto kanga shingoni, nguo nyeupe zibaki kabatini. Na baada ya kula, kama umeme upo na kuna filamu ya mbwa wawili wale wa Disney, ya mwaka 1955, Lady and the Tramp, wawekee. Kuna pale wanapokula spageti na kababu nyuma ya mgahawa, kila mmoja ameanzia ncha yake ya uzi uleule, na kababu ya mwisho dume anaisukuma kwa pua impate mwenzake. Walt Disney alitaka kukitoa kipande hicho, akiona mbwa kula tambi ni kichekesho kisichofaa. Mchoraji wake, Frank Thomas, akaenda akakichora hata hivyo. Angalia usije ukaona watoto wako wanajaribu kusukuma kwa pua. Au waache, meza itafutwa.

Kikibaki kiporo, na kwa gramu 500 kitabaki, funika, weka kwenye friji. Asubuhi piga mayai matatu kwa chumvi na pilipili manga, changanya na ile spageti, kababu zikatwe vipande, mimina kwenye kikaango chenye mafuta ya moto na ukandamize kwa kijiko. Moto mdogo, dakika saba, geuza kwa kutumia sahani, dakika tano nyingine. Watu wa Napoli hukata hiyo vipande vya pembe tatu, wakafunga, wakaenda nayo ufukweni. Ya kwenu itaingia kwenye mkebe wa shule. Mpe mtoto vipande viwili, kwa maana kimoja kitaombwa na jirani yake wa dawati kabla kengele haijalia.